Siti binti Saad: mwimbaji aliyekataa kujipima kwa macho ya waliomdharau

Mjini Bujumbura, na hasa katika mtaa wa Buyenzi ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani tangu mji huo ulipoitwa Usumbura, jina la Mswahili mara nyingine hutamkwa kwa kebehi. Anayeisikia kebehi hiyo tangu utotoni huweza kuiamini, akajidharau mwenyewe. Maisha ya Siti binti Saad wa Zanzibar yana funzo juu ya jambo hilo.

Siti alizaliwa kijijini Fumba, kisiwani Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia iliyotoka utumwani. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake Uzigua. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Hivyo hali yake ilitangazwa kabla hajafungua kinywa. Hakupata elimu ya shule. Alijifunza ufinyanzi, akawa akitembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti iliyosikika mbali.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko mwanamuziki Ali Muhsin aliitambua sauti yake, akamfundisha uimbaji na muziki. Wakati huo taarabu ilihusishwa na jumba la Sultani na lugha ya Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na watu wa Ng'ambo wakasikia mambo yao wenyewe yakiimbwa. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, nchini India, kurekodi santuri zilizoeneza sauti yake Afrika Mashariki.

Sifa hizo hazikuwanyamazisha wenye husuda. Walimwimbia kwamba alitoka shamba akiwa amejifunga kaniki, wakauliza amekuwa mtu tangu lini. Walimcheka pia kwa sura yake.

Siti hakukana shamba wala ukoo wake, na hakudai kuwa na uzuri waliosema hana. Alijibu kwa wimbo, akieleza kuwa sura na nasaba si kipimo cha mtu, na kwamba mwenye hasara ni aliyekosa akili. Kwa jibu hilo alitenganisha mambo mawili ambayo wanaojidharau huyachanganya: yaliyomfika mtu, na thamani ya mtu mwenyewe. Kuzaliwa katika unyonge lilikuwa tukio la kweli. Kwamba yeye kwa hiyo ni duni ilikuwa fikra tu, tena fikra ya wengine.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert, mwandishi mashuhuri wa Kiswahili, aliandika wasifu wake, na hivyo binti aliyeitwa Mtumwa akaingia katika fasihi kwa jina la heshima. Hakusubiri waliomcheka wabadili mawazo yao ndipo ajikubali. Alianza yeye, na kebehi ikabaki kwa wenyewe.