Paul Renner na Herufi za Duara

Hebu toa bikari yako uchore duara. Tayari umeandika O! Ongeza mistari miwili ya rula upate V. Kuna Mjerumani aliyeanzia hapo hapo akaunda herufi zilizoizunguka dunia nzima. Jina lake ni Paul Renner.

Alizaliwa Wernigerode tarehe 9 Agosti 1878. Alisomea uchoraji, ila riziki aliipata vitabuni, maana kuanzia 1907 alikuwa akipamba vitabu vya mchapishaji mmoja mjini Munich. Wakati huo vitabu vingi vya Kijerumani vilipigwa chapa kwa herufi nzito zenye kona na miiba. Mnamo 1924 Renner akaanza kuchora herufi nyingine kabisa, zisizo na vijimkia wala mapambo. Kiwanda cha Bauer cha Frankfurt kilizisubu kwa madini ya risasi, zikatoka mwaka 1927 kwa jina la Futura.

Usidhani ilikuwa kazi ya bikari tupu! Jicho la mtu hudanganyika. Mahali tumbo la b linapogusa mti wake, Renner aliupunguza wino kidogo, la sivyo pangeonekana kama doa. Na herufi kubwa alizipima kwa maandishi ya mawe ya Warumi: O ni pana, E na L ni nyembamba. Kumbe upya wenyewe ulikuwa na mizizi ya kale.

Sasa yakaja ya siasa. Renner alikuwa mkuu wa chuo cha wapiga chapa mjini Munich. Wanazi walikuwa wakiichafua sanaa mpya, ati ni sumu kwa taifa. Wengi walinyamaza. Yeye mwaka 1932 akatoa kijitabu huko Uswisi cha kuwapinga waziwazi, tena pamoja na chuki yao dhidi ya Wayahudi. Si mchezo! Wanazi walipotwaa serikali mwaka 1933, walianza na mwalimu wa chuo chake, Jan Tschichold, kisha mwezi wa Aprili wakamkamata Renner mwenyewe. Aliachiliwa upesi, lakini ukuu wa chuo ukamtoka.

Kichekesho ni hiki: Januari 1941 Wanazi hao hao walipiga marufuku zile herufi za miiba walizokuwa wakizisifu, wakidai eti ni za Kiyahudi! Renner hakurudishiwa kazi yake. Alikuwa akiishi Hödingen, karibu na ziwa Bodensee, akichora picha, na huko ndiko alikofia tarehe 25 Aprili 1956.

Hakuuona mwaka 1969. Wanaanga wa Apollo 11 walipotua mwezini waliacha bamba la chuma lenye ujumbe wa amani kwa wanadamu wote. Maneno yake yaliandikwa kwa Futura, na bado liko huko huko.