Serumaga, mwalimu aliyefundisha mwili kusema

Wandugu wa Rubaya na Bisie, mutu akitoka shimoni hana lazima ya kueleza uchovu: mabega yake yanasema. Robert Serumaga, mutu wa Uganda aliyezaliwa mwaka 1939, alifundisha teatre kwa ginsi ile.

Alisomea uchumi kule Dublin, Ayalandi. Kiisha kurudi Kampala, akaandika michezo kwa Kiingereza, kama vile Majangwa. Mwaka 1971 Idi Amin alikamata utawala, na maneno yakawa hatari. Serumaga akakusanya vijana, kundi lao likaitwa Abafumi. Akawazoeza mwili: kupumua, kuruka, kucheza ngoma, kunyamaza. Mwaka 1974 wakaonyesha Amayirikiti, mauaji ya Uganda yakichezwa bila maneno. Mupelelezi angeshitaki sentensi gani?

Nyuma yake Serumaga alikimbia inchi, akaingia kati ya wale waliopigana na Amin. Mwaka 1979 Amin akaanguka, yeye akawa waziri wa biashara. Ile serikali haikukawia, naye akafa Nairobi mwaka 1980.

Huku Masisi na Walikale pia tunapima neno mbele ya kulisema. Mwenye kutaka kuigiza, aanzie pale alipoanzia Serumaga.