Shaaban Robert: Mwandishi Mbele ya Wasomaji na Wahakiki

Kijana wa Matulo, Bungoma au Kitale ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kibukusu, anapoanza kutunga kwa Kiswahili, hukabiliwa na swali gumu: je, lugha hii ni ya nani? Maisha ya Shaaban Robert ni jibu mojawapo.

Gwiji huyu alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga. Wazazi wake walikuwa na asili ya Uyao, lakini yeye alijitambulisha kuwa Mswahili, na Uswahili huo akauthibitisha kwa kalamu wala si kwa nasaba. Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha, na kwa miaka mingi aliishi kwa mshahara wa ukarani huku akitunga.

Shaaban Robert alimwona mwandishi kuwa mwalimu wa jamii. Ndiyo sababu katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini hakusimulia maisha yake kwa ajili ya kujisifu, bali aliyatumia kama funzo la adili. Aidha, hakuwa mchoyo wa heshima kwa wasanii wenzake. Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyedharauliwa na baadhi ya watu kwa unyonge wa asili yake, alimwandikia wasifu kamili, heshima ambayo aghalabu ilitengewa watawala.

Hata hivyo, njia ya kuwafikia wasomaji haikuwa nyepesi. Barua alizomwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958 zinamwonyesha mtu aliyehangaikia hatima ya miswada yake. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, ilhali Kufikirika na Utubora Mkulima zilichapishwa 1967 na 1968, naye alikwisha kufariki Juni 1962. Mwandishi huyo hakupata kuviona vitabu hivyo mikononi mwa wasomaji.

Wahakiki nao hawakuafikiana juu yake. Wapo waliosoma Kusadikika kama fumbo la utawala wa kikoloni: Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia masaibu ya wajumbe walioadhibiwa kwa kuleta maarifa mapya. Wengine walimlaumu kwamba wahusika wake ni vielelezo vya wema na uovu kuliko kuwa watu kamili, na kwamba maadili yake hayakuukabili ukoloni waziwazi. Lawama hizo zina uzito wake. Lakini ni bayana kwamba kazi isiyo na thamani haibishaniwi kwa miongo mingi baada ya mtunzi wake kuzikwa.

Basi kijana wa Matulo asingoje kupewa idhini na mtu yeyote. Mwana wa Wayao alihesabiwa miongoni mwa mabingwa wa Kiswahili kwa sababu aliitumikia lugha hiyo kwa bidii, akawaachia wasomaji na wahakiki kazi ya kuamua.