Everett Ruess: Msafiri Aliyepotelea Makorongoni

Katika nchi ya majangwa ya kusini-magharibi ya Marekani, miongoni mwa majina yasiyosahaulika limo la kijana ambaye hakuongoza jeshi wala kushika madaraka yoyote. Kijana huyo ni Everett Ruess. Alisafiri peke yake akiwa na punda wake, akatoweka angali na umri wa miaka 20, na hadi leo hapana ajuaye kaburi lake lilipo. Habari zake zinawahusu askari wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa nusu yake ni safari, na nusu ya pili ni juhudi za watu waliomtafuta.

Everett alizaliwa mjini Oakland, jimbo la California, tarehe 28 Machi 1914. Baba yake, Christopher, alikuwa mchungaji wa kanisa, na mama yake, Stella, alikuwa msanii. Mtoto alirithi mkono wa mama. Alichora kwa rangi, akachonga vibao vya kupigia chapa picha, na kila alikokwenda aliandika barua ndefu kwa wazazi wake na kwa kaka yake, Waldo.

Safari zake zilianza mwaka 1930, alipokuwa na miaka 16, katika pwani na milima ya California. Mwaka uliofuata alielekea Arizona. Huko mito imekata mwamba wa mchanga kwa muda wa mamilioni ya miaka, hata pakawa na makorongo yenye kuta zilizosimama wima. Mvua ikinyesha mbali, mafuriko huweza kumfikia ghafula mtu aliyemo korongoni, ilhali juu yake mbingu ni nyeupe. Everett alipita humo miezi mingi, mizigo yake ikiwa juu ya punda: blanketi, vyombo vya kupikia, chakula, vitabu na rangi. Alilala popote jua lilipomwachia. Alikuwa na desturi ya kupanda magenge ili afikie magofu ya nyumba za wenyeji wa kale, na waliomwona akipanda walimhofia.

Hakuwa mtu wa kuwakimbia wanadamu. Alijifunza maneno ya lugha ya Wanavajo, na mwaka 1934 alifanya kazi kwa muda pamoja na wataalamu waliokuwa wakichimbua mambo ya kale huko Arizona. Alijaribu pia Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, lakini masomo hayakumshika.

Mnamo Novemba 1934 aliwasili Escalante, mji mdogo wa kusini ya jimbo la Utah. Alikaa huko siku chache, akafanya urafiki na vijana wa mji. Tarehe 11 aliwaandikia jamaa zake barua za mwisho, akiwaarifu kwamba huenda ukapita mwezi mmoja au miwili kabla ya kuifikia posta nyingine. Kisha akashika njia ya jangwani kuelekea Mto Colorado. Tarehe 19 alikutana na wachunga kondoo wawili, kiasi cha kilomita 80 kutoka mjini, akapiga kambi nao siku mbili. Baada ya hapo hakuonekana tena.

Hapa msomaji na atazame hesabu ya siku. Kwa kuwa kijana mwenyewe alikuwa ametangaza kimya chake, kimya hicho hakikumshtua mtu. Wazazi walianza kuulizia katika posta ya Escalante Februari 1935, barua walizompelekea ziliporudi bila kuchukuliwa. Watu wa mji walipotoka kumtafuta ilikuwa Machi, zaidi ya siku 100 tangu aonekane mara ya mwisho. Waliwakuta punda wake katika korongo la Davis. Ukutani mwa korongo hilo palichorwa neno Nemo pamoja na mwaka 1934. Neno hilo ni la Kilatini, na maana yake ni hakuna mtu. Shajara yake, vyombo vyake na rangi zake havikupatikana. Wengine walidhani alianguka gengeni, wengine alizama mtoni, wengine aliuawa na wezi wa ng'ombe. Hapana dhana iliyopata ushahidi, na wazazi wake walifariki bila ya kujua.

Mwaka 2008 ilionekana kwamba fumbo limefumbuliwa. Mzee mmoja Mnavajo, aliyekwisha kufariki, aliacha masimulizi kwamba katika miaka ya 1930 aliona kijana wa kizungu akiuawa, akamzika katika ufa wa mwamba. Mjukuu wake alipafuata mahali hapo, katika mteremko wa Comb Ridge, akakuta mifupa. Aprili 2009 ikatangazwa, kwa vipimo vya vinasaba vya chuo kikuu, kwamba ndiye Everett. Hata hivyo mtaalamu wa mambo ya kale wa serikali ya Utah alitilia shaka, akionyesha kwamba meno hayakulingana na kumbukumbu za matibabu ya meno ya marehemu.

Jamaa, waliokuwa wamengoja miaka 75, wangeweza kuridhika wakazika. Badala yake waliomba kipimo cha pili. Kazi ilipewa maabara ya majeshi ya Marekani, ile inayotambua mabaki ya askari waliofia vitani. Oktoba 2009 jibu lilitoka: mifupa haikuwa ya Everett. Jamaa walilikubali, ingawa liliwarudisha walikoanzia.

Maji ya Ziwa Powell, lililoanza kujaa mwaka 1963 baada ya mto kuzibwa kwa bwawa, yalifunika sehemu ya chini ya korongo la Davis, na alama nyingine za msafiri yule zikaenda nayo. Jalada lake lingali wazi. Ni heri libaki hivyo, kuliko kufungwa kwa mifupa ya mtu mwingine, ambaye naye alikuwa na jina lake na watu wake.