Mwalimu wa Hesabu Aliyeidai Uingereza

Mnamo mwezi wa Julai mwaka wa 1892, wapiga kura wa Finsbury ya Kati, eneo la mafundi na vibarua jijini London, walimchagua Mhindi mwenye umri wa miaka 66 awe mjumbe wao katika Bunge la Uingereza. Kura zilipohesabiwa upya, ilibainika kwamba alikuwa amemshinda mpinzani wake kwa kura 5 tu. Mtu huyo alikuwa Dadabhai Naoroji. Aghalabu vitabu vya historia humtaja kwa ushindi huo, kisha vikampita. Kwa maoni yangu, huko ni kumpunja. Ubunge wake ulidumu miaka 3 tu katika umri wa miaka 91. Funzo kubwa zaidi limo katika hesabu aliyoifanya kabla ya kuingia Bungeni, na katika yale aliyoyatambua baada ya kutoka.

Naoroji alizaliwa mwaka wa 1825 katika jamii ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroaster waliohamia Bara Hindi kutoka Uajemi karne nyingi zilizopita. Baba yake, aliyekuwa kasisi, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 4. Mama yake, Manekbai, hakujua kusoma wala kuandika, lakini alishikilia kwamba mwanawe asome. Kijana alipata elimu ya bure katika taasisi ya Elphinstone mjini Bombay. Alipokua alijiuliza ni nani aliyeigharimia elimu hiyo, akaona kwamba ni maskini waliotozwa kodi. Tangu hapo alijihesabu kuwa mdeni wao, na deni hilo hakulisahau.

Malipo yake ya kwanza yalikuwa kufundisha. Mwaka wa 1849, yeye na vijana wenzake walianzisha shule za wasichana mjini Bombay, wakafundisha bila ujira. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi wazazi wawatoe binti zao. Wako waliomkaribisha, na wako waliotishia kumtupa chini ya ngazi. Mwaka wa 1851 aliasisi gazeti la Rast Goftar ili kuhimiza mageuzi katika jamii yake. Kabla ya kutimiza miaka 30 alikuwa profesa wa hisabati na elimu ya maumbile katika Chuo cha Elphinstone, cheo ambacho hakikuwa kimeshikwa na Mhindi yeyote chuoni humo.

Mwaka wa 1855 aliuacha uprofesa, akasafiri kwenda Uingereza kuwa mshirika katika kampuni ya biashara ya ukoo wa Cama. Hakukaa nayo sana. Kampuni ilipata faida kutokana na kasumba na pombe, naye hakuweza kuipatanisha faida hiyo na dhamiri yake. Alijiuzulu, akaanzisha biashara yake mwenyewe ya pamba. Wakati huohuo alifundisha lugha ya Kigujarati katika Chuo Kikuu cha London, na mwaka wa 1866 akashiriki kuunda chama cha East India Association, ambamo mambo ya Bara Hindi yalijadiliwa mbele ya Waingereza wenye madaraka.

Ni katika mikutano ya chama hicho ambapo mwalimu wa hesabu alijitokeza. Watawala walizoea kudai kwamba Bara Hindi lilikuwa likineemeka chini yao. Naoroji hakuwajibu kwa hasira. Alichukua taarifa zilizochapishwa na serikali yenyewe, akajumlisha thamani ya mazao ya kila jimbo, kisha akaigawanya kwa idadi ya watu. Alipata kwamba pato la Mhindi mmoja kwa mwaka lilikuwa takriban rupia 20, kiasi ambacho hakikutosha hata kumlisha na kumvisha mfungwa gerezani. Alipolinganisha bidhaa zilizotoka nchini na zile zilizoingia, aliona kwamba kila mwaka mali nyingi ilivuka bahari bila kurudisha chochote: mishahara na malipo ya uzeeni ya maofisa wa Kiingereza, gharama za vita na za ofisi za London. Jambo hilo alilifananisha na damu inayovuja mwilini. Haba na haba hujaza kibaba. Naye alionyesha kwamba haba na haba pia hukikausha.

Kwa kuwa sheria za Bara Hindi zilitungwa London, aliamua kwenda kuzisemea hukohuko. Mwaka wa 1886 aligombea ubunge eneo la Holborn kwa tikiti ya chama cha Liberal, akashindwa. Miaka miwili baadaye, Waziri Mkuu, Lord Salisbury, akihutubia mkutano mjini Edinburgh, alidokeza kwamba Waingereza hawakuwa tayari kumchagua mtu mweusi. Dharau hiyo ilimjengea Naoroji jina kuliko kampeni yoyote. Magazeti yalimjadili, na watu wenye heshima zao wakamtetea. Hata hivyo, katika Finsbury ya Kati ilimbidi apambane kwanza na wanachama wa chama chake waliomtaka mtu mwingine. Florence Nightingale, muuguzi mashuhuri, alikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono. Isitoshe, wabunge wa zama hizo hawakulipwa mshahara.

Bungeni aliunga mkono Ireland ipewe utawala wake, na wanawake wapewe haki ya kura. Lakini lengo lake hasa lilikuwa mtihani wa kuingia katika utumishi mkuu wa serikali ya Bara Hindi. Mtihani huo ulifanywa London pekee, kwa hiyo kijana wa Kihindi alilazimika kuvuka bahari ili aombe kazi ya kuitumikia nchi yake. Mwezi wa Juni mwaka wa 1893 Bunge lilipitisha azimio kwamba mtihani ufanywe kwa wakati mmoja Uingereza na Bara Hindi. Naoroji na wenzake walikuwa wameshinda. Serikali, hata hivyo, ikalikalia azimio hilo, lisitekelezwe.

Mwaka wa 1895 alishindwa katika uchaguzi. Aliteuliwa kuwa mwanachama wa tume ya kifalme iliyochunguza matumizi ya fedha za Bara Hindi, lakini wengi katika tume hiyo hawakukubaliana naye. Njaa kubwa za miaka ya 1896 hadi 1900 ziliua mamilioni huku mali ikiendelea kusafirishwa. Mwaka wa 1901 alizikusanya hoja zake katika kitabu kilichoeleza kwamba utawala huo uliisaliti hata heshima ya Waingereza wenyewe. Mwaka wa 1906 aligombea tena ubunge, akashindwa. Mwezi wa Desemba mwaka uo huo, akiwa na umri wa miaka 81, aliongoza mkutano wa Indian National Congress mjini Calcutta, na hapo akatangaza kwamba dai la Wahindi ni kujitawala. Alirejea nyumbani mwaka uliofuata, akafariki mwaka wa 1917, miaka 30 kabla ya nchi yake kupata uhuru.

Vijana wengi wa wakati wake walimwona kuwa mzee wa kuomba na kubembeleza. Siafikiani nao. Asingeingia Bungeni na kuona azimio likipita kisha likatupwa, dai lake la Calcutta lingekuwa kelele kama kelele nyingine. Alilijua jambo kwa kulijaribu, na nchi nzima ikajua pamoja naye kwamba njia ya maombi ilikuwa imefika mwisho.

Nchini mwetu, ambako shule za msingi za umma zilifutiwa karo mwaka wa 2003, kuna wanafunzi wengi wanaosomeshwa kwa jasho la watu wasiowajua. Walimu wawaeleze habari za Naoroji, na wala wasiishie kwenye kura zile 5. Wawaeleze kuhusu kijana aliyeuliza ni nani aliyemlipia karo, na mzee aliyepiga hesabu kabla ya kulalamika. Mwanafunzi atakayejifunza mawili hayo atakuwa ameanza kulipa deni lake.