Ahmad bin Majid: Mwanachuoni wa bahari aliyebebeshwa lawama

Hivi karibuni nilikuwa Kilosa kwenye harusi ya jamaa yetu. Baada ya swala ya Isha tulikaa barazani, mazungumzo yakafika kwenye historia. Kijana mmoja wa sekondari akasema kwa kujiamini kuwa Wareno wasingefika India kama si Mwislamu mwenzetu, Ahmad bin Majid, aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi. Mzee mmoja akaongeza kuwa huyo ndiye aliyetuuza. Hakuna aliyepinga. Nami nilinyamaza, maana hata mimi ndivyo nilivyofundishwa darasani.

Kesho yake nilikwenda Mikumi, nilikokuwa na shughuli, kisha nikapanda basi la Dar es Salaam. Tulipokuwa tunapita mbugani, tembo walikuwa wamesimama karibu na barabara. Nikakumbuka kuwa al-Masudi, aliyefika pwani yetu mnamo mwaka 916, aliandika kuwa pembe za ndovu za nchi ya Zenji zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na China. Kumbe mali ya bara ilifika mbali kwa sababu walikuwepo watu waliojua upepo na nyota. Huyu bin Majid alikuwa mmoja wa watu hao. Nilipofika nyumbani nikaanza kumtafuta vitabuni, na niliyoyakuta yalinifanya nijute kunyamaza kule barazani.

Ndugu msomaji, Shihabuddin Ahmad bin Majid alizaliwa Julfar, sehemu ambayo leo ni Ras al-Khaimah, katika karne ya 15. Baba yake na babu yake walikuwa muallim wa baharini, yaani wenye kuongoza vyombo. Ndilo hilo hilo neno letu mwalimu. Baba yake alitunga shairi refu juu ya njia za Bahari ya Shamu. Mtoto hakutosheka na urithi huo. Alipima upya, na pale mzazi alipokosea, alisahihisha. Kumheshimu baba hakukumzuia kusema kweli.

Mwaka 1462 alikamilisha utenzi wake mkubwa wa misingi ya elimu ya bahari. Mnamo 1490 akatoa Kitabul Fawaid, kitabu chake mashuhuri kuliko vyote. Kazi zake zinafika takriban 40, nyingi zikiwa za mashairi ili mabaharia wazihifadhi kichwani. Humo anaeleza namna ya kupima kimo cha nyota kwa vidole, dira yenye sehemu 32, alama za pwani, na misimu ya kaskazi na kusi inayohesabiwa kuanzia Nairuzi. Moja ya tenzi zake, Sofaliyya, inaeleza njia ya kwenda Sofala kwa kupitia pwani yetu hii. Mwaka 1554 Sidi Ali Reis, amiri wa majeshi ya majini ya Uthmaniyya, alipoandika kitabu chake cha bahari, alitegemea sana kazi za bin Majid.

Sasa tuitazame tuhuma yenyewe. Da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498 na kufika Calicut Mei. Aliyemtaja bin Majid kuwa ndiye rubani ni al-Nahrawali, mwanahistoria wa Makka aliyefariki mwaka 1582. Aliandika zaidi ya miaka 70 baada ya tukio, tena akadai kuwa bin Majid alileweshwa kwanza. Katika miaka ya 1920 mtafiti wa Kifaransa, Gabriel Ferrand, akaipokea habari hiyo na kuieneza. Kutoka hapo ikaingia katika vitabu vya shule.

Lakini wanahistoria wa Kireno wenyewe wanasema rubani alikuwa mtu wa Gujarat. Jina wanalolitaja, Malemo Cana, limetokana na cheo cha muallim, si jina la bin Majid. Yeye wakati huo alikuwa mzee, na katika maandishi yake hakuna mahali anaposema aliwaongoza Wareno. Watafiti kama Ibrahim Khoury na Sheikh Sultan al-Qasimi, mtawala wa Sharjah, wameipinga tuhuma hiyo kwa hoja. Isitoshe, njia ya Malindi na India haikuwa siri ya mtu mmoja. Mabaharia wa Gujarat walikuwa wakiipita msimu baada ya msimu.

Mwaka 1505 Wareno waliipora Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Uchungu wa mambo hayo ni wa haki. Lakini uchungu si ushahidi. Suratul Hujuraat inatuagiza tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Je, agizo hilo linaishia kwa walio hai tu?

Jambo lililoniuma zaidi ni hili. Kazi za bin Majid zilihifadhiwa Paris na Leningrad. Aliyeichapisha Sofaliyya mwaka 1957 ni Mrusi, Theodor Shumovsky, aliyefungwa miaka mingi zama za Stalin kisha akarudi kwenye muswada ule ule. Sisi ambao pwani yetu imetajwa humo, tumefanya nini? Vyuo vyetu vinatoa wahitimu wanaojua Kiarabu. Wangapi wameelekezwa kwenye elimu hii? Na makasha ya karatasi za wazee wetu, Bagamoyo, Kilwa na Lamu, nani anayafungua kabla ya mchwa?

Nimempigia simu yule kijana wa Kilosa na kumweleza niliyoyasoma. Akaniuliza, kwenye mtihani aandike nini? Nilimwambia aandike kuwa ipo riwaya hiyo, ataje nani aliisema na lini, kisha aeleze kwa nini inapingwa. Huko ndiko kusahihisha kama bin Majid alivyomsahihisha baba yake.

Allah (SW) amrehemu mwalimu wetu huyo wa bahari.

Wabillahi tawfiq.