Mtunza Ukumbi wa Delft

Wanafunzi wa biolojia hulijua jina la Antonie van Leeuwenhoek kwa sababu ya hadubini. Wasilofunzwa ni kwamba bwana huyu alikuwa mtumishi wa mji.

Alizaliwa Delft, Uholanzi, mwaka wa 1632, akawa muuza vitambaa. Chuo kikuu hakukiona, wala Kilatini hakukijua. Mwaka wa 1660 wakuu wa mji walimkabidhi ukumbi wao wa vikao: aufungue na kuufunga, ausafishe, awashe moto wakati wa baridi. Sisi tungemwita tarishi, tena kwa dharau. Baadaye alihitimu upimaji wa ardhi, na mwaka wa 1676 akateuliwa msimamizi wa mali ya mchoraji Johannes Vermeer, aliyefariki akiacha madeni. Mwaka wa 1679 alipewa kazi ya kuhakiki vipimo vya mapipa ya mvinyo.

Naamini mazoea hayo ya ofisi ndiyo yaliyomfaa. Alipoiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London, mwaka wa 1676, kuhusu viumbe wadogo mno aliowaona majini, alikadiria ukubwa wao kwa kuwalinganisha na punje ya mchanga. Wataalamu wakasita kumsadiki. Naye, kama karani yeyote mzuri, akatafuta mashahidi: watu wanane waheshimiwa, wakiwemo wachungaji wa kanisa, walitazama wenyewe, wakathibitisha kwa maandishi.

Mwaka wa 1680 Jumuiya ilimchagua kuwa mwanachama. Ukumbi wa Delft, hata hivyo, hakuuacha. Aliushikilia wadhifa ule kwa karibu miaka 40.